Kurudi kazini baada ya kustaafu utumishi wa umma: mwongozo kamili, kuanzia kibali hadi siku ya mwisho ya mkataba

Jirani yangu mmoja hapa Tabata, Dar es Salaam, alistaafu akiwa mtaalamu wa maabara. Siku ya kumuaga alipewa jokofu dogo, doti ya khanga kwa ajili ya mkewe na maneno mengi matamu. Kabla maturubai hayajashushwa, bosi wake akamvuta pembeni: "Mzee wangu, Jumatatu uje kama kawaida. Barua inafuata." Jumatatu akaenda. Akaenda miezi saba. Barua haikufuata, mshahara haukuingia, na alipouliza akaambiwa hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alikuwa kazini. Alichobaki nacho ni daftari la shule alimokuwa akiandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa kalamu ya bluu, bila kuruka hata Jumamosi za zamu. Nimelishika daftari lile. Limeandikwa vizuri kuliko rejista nyingi za ofisini, lakini halina muhuri popote.

Nimefanya kazi za utumishi na masjala miaka mingi, na wanaokumbwa na jambo hili si wachache. Wengi ni watu wema wanaoipenda kazi yao, na wema huo ndio unaowaponza. Kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua, na pale penye mtego nitakaa zaidi.

Kuna jambo moja la kushika kuliko yote: mstaafu hajiombei kurudi. Taasisi ndiyo inayomwombea, kwa maandishi, kwa sababu za kazi, na mapema. Ukisubiri hadi keki ya miaka 60 ikatwe ndipo uanze kuulizia, umeshachelewa.

Hatua ya kwanza: jua umetoka kwa mlango upi

Kwa mtumishi wa kawaida, kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa wana miaka yao: hiari 60, lazima 65. Majaji wanaongozwa na Katiba yenyewe, miaka 60 kwa Mahakama Kuu na 65 kwa Mahakama ya Rufani, na habari yao ya kuongezewa muda ni ya Rais, kwa hiyo tuiweke kando.

Mlango uliotokea unabeba uzito katika maombi yako. Aliyestaafu kwa umri wa lazima ana hoja nyepesi kuieleza: kazi ilikuwa bado inamhitaji, umri ndio uliofika. Aliyeondoka kwa hiari akiwa na miaka 56 ataulizwa swali gumu, kwamba kama nafasi yako ni muhimu kiasi hicho, mbona uliandika mwenyewe barua ya kuondoka? Si kwamba haiwezekani, ila mwajiri awe na jibu. Aliyestaafu kwa sababu za afya baada ya bodi ya madaktari kusema hawezi kuendelea, kurudi ni kupingana na jalada lake mwenyewe. Na aliyestaafishwa kwa manufaa ya umma, kwa maoni yangu, asipoteze nauli.

Wapo pia wanaochanganya kustaafu na kuacha kazi au kufukuzwa. Hizo ni habari nyingine zenye taratibu nyingine, na mwongozo huu hauwahusu.

Hatua ya pili: hakiki tarehe yako ya kuzaliwa mwaka mmoja na nusu kabla

Mfumo wa mishahara hausomi afya yako wala bidii yako. Unasoma tarehe ya kuzaliwa. Tarehe inayotumika ni ile uliyoijaza ulipoajiriwa kwa mara ya kwanza, si ile uliyokuja kuitoa baadaye kwenye cheti kipya cha kuzaliwa.

Nakumbuka jalada la mama mmoja, muuguzi. Barua yake ya kwanza ya ajira ilikuwa imepigwa taipureta, karatasi imegeuka rangi ya chai ya rangi, na jina lake la kati limeandikwa kwa "l" badala ya "r". Kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, liko kwa "r". Miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyeliona. Siku ya kuandaa mafao ndipo herufi ile moja ikawa ukuta, akaanza kuzunguka kutafuta hati ya kiapo wakati wenzake wanapanga sherehe.

Kwa hiyo omba kuliona jalada lako mapema, ukiwa na afisa utumishi. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo hasa ile ya mwisho, na za uhamisho kama umewahi kuhama. Linganisha majina yote na NIDA na akaunti ya benki. Piga nakala, nyumbani weka seti moja nzima. Haya yatakusaidia kwenye mafao na kwenye maombi ya mkataba pia, maana nyaraka ni zilezile.

Hatua ya tatu: taasisi ijenge sababu

Hapa ndipo penye kiini. Serikali haimrudishi mstaafu kwa kuwa ana shida ya ada za watoto, wala kwa kuwa ni mtu wa watu. Inamrudisha kwa sababu akiondoka, kazi fulani itasimama na hakuna wa kuishika. Kila mwaka maelfu ya vijana wenye vyeti wanagombea nafasi chache, na sioni vibaya hata kidogo wakubwa wakiuliza kwa nini kiti kisiende kwa kijana.

Barua ya mwajiri inayopita ni ile inayotaja kazi na kuacha sifa za mtu. Siyo "ni mchapakazi na mwadilifu". Iseme: mashine hii ya mionzi inaendeshwa na watu wawili, mmoja yuko masomoni hadi mwaka fulani, huyu anastaafu mwezi fulani, nafasi imeombewa kibali cha ajira mpya tarehe fulani na bado haijajazwa. Au: mradi huu wa maji umebakiza miezi kumi na minane, huyu ndiye mhandisi aliyeusimamia tangu usanifu. Kada adimu, kwa lugha ya ofisini. Kama wewe ni karani mzuri, na namaanisha mzuri kweli, elewa kwamba hoja hii ni ngumu kwako, kwa kuwa Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini, imejaa makarani wanaosubiri.

Barua ionyeshe pia nani atarithi. Mpango wa kurithishana madaraka unatakiwa uwepo katika kila taasisi, na swali la kwanza la msomaji huko juu litakuwa: mlikuwa wapi miaka yote hii bila kumwandaa mtu? Mwajiri asikimbie swali hilo. Aandike kwamba katika mkataba huu mstaafu atawafundisha maafisa wawili, awataje kwa vyeo, na kwamba ukiisha hapatakuwa na ombi jingine. Ombi linaloonyesha mwisho wake hupewa uzito kuliko linaloonekana kama ngazi isiyo na kilele.

Ushauri wangu ambao si kila mtu anaupenda: usikubali kuombewa kurudi kama mkuu wa idara. Rudi kama mtaalamu. Ukibaki kwenye kiti cha uongozi unamzibia mtu njia ya kupanda, na manung'uniko yataanzia korido ya ofisi yako mwenyewe.

Viambatisho ni wasifu, vyeti vya taaluma, leseni hai ya bodi yako kama ni mhandisi, mhasibu, mfamasia au daktari, taarifa za utendaji za miaka ya karibuni kutoka kwenye mfumo wa tathmini ya kazi, na uthibitisho kwamba nafasi yako ipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na fedha za kukulipa zipo kwenye bajeti. Hili la bajeti wengi hulisahau. Kibali bila kifungu cha fedha ni karatasi ya kuning'iniza ukutani.

Hatua ya nne: barua ipite njia yake

Anayeruhusu mstaafu kurudi ni Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye ndiye Mkuu wa Utumishi wa Umma. Ukitaka ushahidi wa karibu, soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: yameandikwa kwamba waombaji waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kutuma maombi isipokuwa wawe na kibali chake. Watu wanayasoma matangazo yale kwa kutafuta mshahara na mwisho wa kutuma maombi tu, mstari huo wanauruka.

Barua haitoki kwako kwenda kwake. Kama uko halmashauri, tuseme Temeke au Ubungo, inaanzia kwa Mkurugenzi, inapitia mkoani kwa Katibu Tawala, inakwenda TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, kisha Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma. Kama uko wakala au shirika la umma, inaanzia kwa Mtendaji Mkuu na kupitia wizara mama. Kila kituo kina dawati lake, na kila dawati lina watu wanaokwenda likizo. Ndiyo maana nasema mwajiri aanze mwaka mzima kabla ya tarehe yako, au zaidi. Barua ikikaa miezi miwili mahali pamoja, bado una pumzi.

Kazi yako wewe ni kujua namba ya kumbukumbu ya barua na tarehe iliyotoka. Hizo mbili tu. Ukiwa nazo, afisa utumishi wako anaweza kuifuatilia kwa simu au kwa mfumo wa ofisi mtandao. Usipande treni ya SGR kwenda Mji wa Serikali Mtumba ukiwa na bahasha mkononi kujiombea mwenyewe. Nimewaona watu wazima wamekaa kwenye viti vya mapokezi Dodoma tangu saa mbili asubuhi, na wote walirudishwa na neno lilelile: mwajiri wako alete.

Hatua ya tano: siku ya miaka 60, kabidhi na uondoke

Hata kama kibali kinatarajiwa wiki ijayo. Hata kama bosi amekuapia. Kabidhi ofisi kwa maandishi, rudisha kitambulisho, funguo, kompyuta na gari kama unalo, chukua nakala ya hati ya makabidhiano yenye sahihi mbili, uende nyumbani.

Sababu ni tatu. Moja, siku unazofanya kazi bila mkataba hazina mlipaji, kama za jirani yangu. Mbili, ikitokea jina lako likabaki kwenye orodha ya mishahara na fedha ikaingia, hiyo si baraka. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka hadi mwaka zimekuwa zikitaja mishahara iliyolipwa kwa watumishi waliostaafu, watoro na waliofariki, na fedha hiyo hudaiwa irudishwe. Ukiona mshahara umeingia baada ya tarehe yako, usiuguse, andika barua kwa mwajiri siku hiyohiyo. Tatu, ukitia sahihi hati ya malipo au ukimtibu mgonjwa huku huna mamlaka, likiharibika jambo utasimama peke yako.

Bosi akikuambia "uje tu," mjibu kwa heshima: "Nitakuja siku hiyohiyo barua ikifika, mkuu. Simu yangu iko wazi." Si ujeuri. Unamkinga na yeye pia.

Hatua ya sita: maliza kwanza mafao

Usikubali mtu akuambie usubiri kufungua mafao kwa kuwa unarudi. Kustaafu kwako kumeshatokea. Mwajiri apeleke nyaraka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: barua ya kustaafu, zile barua za jalada nilizozitaja, hati ya mshahara wa mwisho, NIDA, picha na taarifa za benki. PSSSF ndiyo ilizaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwa hiyo aliyewahi kuchangia kwenye mifuko hiyo ya zamani ahakikishe miezi yake yote imehesabiwa. Pensheni inahitaji angalau miezi 180 ya michango, na mwezi mmoja unaokosekana kwenye kumbukumbu ni haki yako iliyolala.

Kikokotoo, kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kimewaumiza vichwa watu wengi, na najua wengi wanaotaka kurudi kazini wanasukumwa na mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, uliokuja mdogo kuliko walivyotegemea. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kundi la kulipwa mkupuo wa asilimia 50. Piga hesabu yako kwa kanuni ya siku unayostaafu, sio kwa ile ya shemeji yako aliyestaafu zamani akajenga nyumba nzima.

Baada ya hapo, kabla hujatia sahihi mkataba wowote, iandikie PSSSF barua yenye maswali mawili: pensheni yangu ya kila mwezi itaendeleaje nikiwa kwenye mkataba wa umma, na mshahara wa mkataba utakatwa michango au la? Taka jibu la maandishi. Majibu ya dirishani hayana sahihi. Na endelea kufanya uhakiki wa wastaafu, siku hizi unawezekana kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, kwa maana usipohakikiwa pensheni husimama, hata kama uko ofisini unachapa kazi.

Hatua ya saba: soma mkataba ukiwa umevaa miwani

Mkataba ukija, chukua nyumbani usiku mmoja. Soma na mtoto au mjukuu aliyesoma kidogo sheria kama yupo.

Angalia tarehe ya kuanza. Iwe ni baada ya tarehe ya kibali, na isirudi nyuma kufunika siku ambazo hukuwa na ruhusa. Angalia cheo na mshahara: usidhani utaanzia pale ulipoishia. Kumbuka pia kwamba mshahara wa mkataba unakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kama mwingine, kwa sehemu inayovuka shilingi 270,000 kwa mwezi. Angalia kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kama kimetajwa kwa kiwango au kwa maneno ya jumla. Maneno ya jumla yakataliwe kwa upole hadi yawe tarakimu. Likizo, posho ya safari, nani anaweza kuvunja mkataba na kwa notisi ya muda gani, vyote viwemo.

Matibabu. Mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF, bima ya afya ya taifa, na mwenza wake wana kadi yao. Hakikisha usajili wako mpya kama mwajiriwa hauichanganyi ile kadi, hasa ya mwenza. Ulizia kabla mkeo au mumeo hajafika dirisha la hospitali akaambiwa kadi haisomi.

Kukitokea mgogoro, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Hifadhi kila barua.

Kama mlango wa umma haukufunguka

Usitume maombi ya ajira ya kudumu. Umri wa mwisho kwenye matangazo mengi ni miaka 45, na kudanganya umri ni kosa linaloweza kukufuata hadi kwenye pensheni.

Sekta binafsi haihitaji kibali cha Serikali kukuchukua. Shule, hospitali za mashirika ya dini, kampuni za ujenzi na za ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam zinawapenda wastaafu kwa sababu wanakuja na nidhamu ya faili. Ukiajiriwa huko, ulizia mapema habari ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi.

Njia nyingine ni ushauri mwelekezi. Taasisi za umma zinanunua huduma hizi kupitia mfumo wa NeST, na ukiwa umejisajili, una TIN na nyaraka zako zimekaa sawa, unaweza kurudi kwenye ofisi ileile ukiwa mzabuni, halali kabisa. Malipo ya utaalamu yatakatwa kodi ya zuio asilimia 5. Ila shindana kwa haki: usitumie simu za zamani kuchungulia bei za wenzako. Vyuo navyo huwaita wastaafu kufundisha vipindi kwa malipo ya saa. Fedha yake ni ndogo, lakini nimeona wengi wakinawiri huko.

Kuhusu vishoka

Wiki chache baada ya kustaafu simu itaita. Sauti ya heshima, inakujua jina, inajua hata ulikofanya kazi. Itasema iko Utumishi au Hazina, kwamba kibali chako cha mkataba kiko mezani na kinahitaji "kitu kidogo cha kukisukuma," na itakupa namba ya kutuma fedha. Kibali cha kurudi kazini hakina ada. Hakilipiwi kwa simu, wala hakilipiwi kwa mtu aliyekaa kwenye mgahawa karibu na Posta. Mkatie simu, kisha mpigie afisa utumishi wako kwa namba unayoijua wewe.

Siku ya mwisho ya mkataba

Weka alama kwenye kalenda miezi mitatu kabla. Andika taarifa ya ulichofanya na ulichowafundisha wale wawili waliotajwa kwenye barua ya maombi, waambie watie sahihi kwamba wamefundishwa, na kabidhi upya kama ulivyofanya ulipofikisha miaka 60. Dai kiinua mgongo chako kwa barua siku hiyohiyo, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Jirani yangu siku hizi anafundisha wanafunzi wa maabara katika chuo kimoja binafsi, siku tatu kwa wiki. Kabla ya kuingia darasani siku ya kwanza aliomba barua. Alinionyesha: ukurasa mmoja, tarehe, kiwango kwa saa, sahihi, na muhuri wa mviringo wa zambarau pale chini. Ameiweka katikati ya lile daftari.